Watoto wa Nyanda za Mau na Historia Isiyoandikwa

Mau Narok, kata iliyomo katika eneo bunge la Njoro, Kaunti ya Nakuru, imekaa juu ya nyanda za Mau, upande wa magharibi wa Bonde la Ufa, katika mwinuko unaozidi mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, na kwa sababu ya baridi na mvua zake imekuwa kwa muda mrefu eneo la ngano, shayiri, pareto na kondoo, na pia la viazi, karoti na kabeji zinazopakiwa kwenye malori kuelekea Nakuru, Nairobi na kwingineko. Historia ya mahali hapa huelezwa kwa kawaida kupitia ardhi: nani aliimiliki, nani aliondolewa, nani aliinunua na nani bado anaidai. Ipo njia nyingine ya kuisoma historia hiyo, nayo ni kupitia utoto, kwa kuuliza watoto waliokulia kwenye nyanda hizi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 waliona nini, walicheza na nani, walisomea wapi, walihamishwa lini, na ni nani kati yao aliyepata kalamu na mchapishaji wa kuyahifadhi aliyoyaona.

Swali hilo la mwisho lina jibu lisilopendeza. Watoto wa walowezi, yaani Wazungu waliogawiwa mashamba makubwa na serikali ya kikoloni, waliandika vitabu ambavyo hadi leo vinasomwa London na New York, ilhali watoto wa maskwota, yaani Waafrika walioruhusiwa kukaa na kulima kipande kidogo cha shamba la mlowezi kwa sharti la kumfanyia kazi, waliandika kwa nadra sana, na watoto wa Wamaasai na Waogieki waliokuwa kwenye nyanda hizo kabla ya wote hao wamebaki na masimulizi ya mdomo. Pengo hilo linaweza kuzibwa, lakini kwa muda mfupi tu uliobaki, kwa kuwa mtu aliyekuwa na umri wa miaka kumi wakati serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari dhidi ya uasi wa Mau Mau Oktoba 1952 sasa amevuka miaka themanini.

Uingereza, nchi iliyowatuma walowezi hao, ina utamaduni wa siku nyingi wa kuandika historia ya mahali, ambayo ni tawi la taaluma ya historia linalochunguza kijiji kimoja, mji mmoja au parokia moja badala ya taifa zima. Tangu mwaka 1538 makanisa ya parokia za England yaliagizwa kuweka daftari za ubatizo, ndoa na maziko, na kwa hiyo hata kibarua asiyejua kusoma aliacha alama ya jina lake katika maandishi. Mwaka 1899 ulianzishwa mradi mkubwa wa kuandika historia ya kila kaunti ya England, unaoitwa Victoria County History, na ambao bado unaendelea. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1948, Chuo Kikuu cha Leicester kilianzisha idara ya historia ya mahali chini ya W. G. Hoskins, ambaye mwaka 1955 alichapisha The Making of the English Landscape, kitabu kilichowafundisha wasomaji wa kawaida kwamba ua wa miti, njia ya mguu na mpaka wa shamba ni ushahidi wa kihistoria sawa na barua iliyotunzwa katika nyaraka.

Kazi iliyo na manufaa zaidi kwa Mau Narok, hata hivyo, ni ya mtu ambaye hakuwa profesa. George Ewart Evans, mzaliwa wa Wales, alihamia kijiji cha Blaxhall katika kaunti ya Suffolk kwa sababu mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji hicho, na alipoanza kuzungumza na majirani wazee aligundua kwamba walikuwa kizazi cha mwisho kilichovuna kwa mikono na kulima kwa farasi, na kwamba wakifariki elimu hiyo nayo ingezikwa. Alikaa nao, akawauliza kuhusu mikate, nguo, zana, ujira na mavuno ya utotoni mwao, na mwaka 1956 akatoa Ask the Fellows Who Cut the Hay, kitabu kinachohesabiwa miongoni mwa misingi ya historia simulizi nchini Uingereza, yaani historia inayojengwa kwa ushahidi wa watu walioyaishi matukio. Wazee wa Blaxhall hawakuwa na mali wala vyeo. Walikuwa vibarua wa mashamba, na jambo hilo linawafanya wawe karibu zaidi na wazee wa maeneo ya Njoro kama Likia, Kihingo na Mauche kuliko walivyo karibu na mabwana waliotoka nchini mwao kuja kutawala Bonde la Ufa.

Vibarua hao wa England nao walikuwa wamenyang'anywa ardhi. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kuzungushia ua ardhi zilizokuwa zikitumiwa kwa pamoja na wanakijiji, na kiasi cha ekari milioni 6.8 zikawa mali ya watu binafsi, huku wanakijiji waliokuwa wakilisha ng'ombe mmoja au wawili na kuokota kuni kwenye ardhi hiyo wakigeuka kuwa watu wa kutegemea ujira. J. L. Hammond na mkewe Barbara walieleza mateso hayo katika The Village Labourer, kitabu kilichotoka mwaka 1911. Mwaka huo huo, katika himaya hiyo hiyo, Wamaasai wa Laikipia walikuwa wakitiwa katika mkataba wa pili wa kuwahamisha.

Mkataba wa kwanza ulitiwa sahihi Agosti 1904, na kwa mkataba huo Wamaasai waliacha malisho yao ya Naivasha, Elmenteita na Nakuru, wakagawanywa baina ya hifadhi ya kaskazini huko Laikipia na hifadhi ya kusini, kwa ahadi kwamba mpango huo ungedumu muda wote ambao taifa la Wamaasai litakuwapo. Ahadi hiyo haikufikisha miaka saba. Mwaka 1911 serikali iliamua kuwaondoa Laikipia na kuwapeleka kusini, na baadhi ya misafara yao ilipita juu ya Mau, ambako baridi na mvua viliwakuta njiani pamoja na wanawake, watoto na mifugo, na wengi wakapoteza uhai, watu na ng'ombe, hadi serikali ikalazimika kuusimamisha uhamisho huo kwa muda kabla ya kuukamilisha mwaka 1913. Parsaloi Ole Gilisho na wenzake walifungua kesi kupinga, na kesi hiyo ikatupwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba mkataba ule ulikuwa baina ya madola mawili na kwa hiyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuuamua, hoja ya ajabu iliyowahesabu Wamaasai kuwa dola huru siku ya kunyimwa haki tu. Mwanahistoria Lotte Hughes, aliyechapisha Moving the Maasai mwaka 2006, alizungumza na wazee wa Kimaasai waliokuwa wakihifadhi masimulizi ya safari hiyo, na bila kazi ya namna hiyo vifo vya Mau vingebaki katika barua za maofisa tu, ambao walivitaja kama tatizo la usafirishaji.

Katika misitu iliyozizunguka nyanda hizo waliishi Waogieki, jamii ya wawindaji na warina asali ambao kwao kila bonde na kila mti wenye mzinga ulikuwa na ukoo unaoumiliki. Serikali ya kikoloni haikuwatambua kama wenye ardhi, na serikali za baada ya uhuru ziliendelea kuwaondoa, hadi Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilipoamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa, na Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia na warejeshewe ardhi yao ya asili. Katika kesi hiyo kumbukumbu za ukoo, majina ya mahali na desturi za kurina asali vilikuwa ushahidi, si mapambo.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1904 mji ukatangazwa rasmi. Mwaka 1903 Hugh Cholmondeley, baroni wa tatu wa Delamere, alikuwa amepewa ekari 100,000 katika Njoro, chini kidogo ya Mau Narok. Delamere alitoka Vale Royal, kaunti ya Cheshire, kaskazini-magharibi mwa England, na mali ya Cheshire ndiyo iliyogharimia majaribio yake ya kondoo, ng'ombe na ngano, ambayo mengi yalishindwa mwanzoni, hasa kwa sababu ya kutu ya ngano, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia mabua na majani. Jitihada za kupata mbegu inayostahimili kutu zilileta kituo cha utafiti cha Njoro, kilichoanzishwa mwaka 1927, ambacho leo kiko chini ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo nchini na hupokea ngano kutoka nchi nyingi ili zijaribiwe dhidi ya kutu. Kutoka kaunti hiyo hiyo ya Cheshire, katika jumba la Tatton karibu na mji mdogo wa Knutsford, alikuja Maurice Egerton, aliyejenga kasri la mawe huko Njoro kuanzia mwaka 1938 hadi 1954, na mwaka 1939 akaanzisha shule ya kilimo kwa vijana wa Kizungu, ambayo mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Kisa cha mapenzi kinachosimuliwa kuhusu kasri hilo kinajulikana kote nchini, huku majina ya mafundi na vibarua waliolijenga hayajulikani, na tofauti hiyo inaonyesha ni kumbukumbu za nani zilizopewa thamani.

Kwa hiyo mtoto wa Kizungu aliyezaliwa au kulelewa katika Njoro, Molo, Gilgil au Mau Narok alikulia katika jaribio la kupanda kijiji cha England kwenye ardhi ya watu wengine: nyumba yenye bomba la moshi na paa la vibao vya mierezi, bustani ya mawaridi, kanisa dogo, klabu ambayo Mwafrika aliingia kama mtumishi tu, na shule ya bweni kama Pembroke House ya Gilgil, iliyoanzishwa mwaka 1927, au St Andrew's ya Turi, iliyoanzishwa mwaka 1931. Wawili kati ya watoto hao wameacha kumbukumbu zinazojulikana kuliko nyingine zote. Beryl Markham, aliyezaliwa mwaka 1902 katika kaunti ya Rutland, aliletwa akiwa na umri wa miaka minne, akalelewa Njoro na baba yake, Charles Clutterbuck, mfugaji wa farasi wa mbio, baada ya mama yake kurudi Uingereza, na katika kitabu chake West with the Night, kilichotoka mwaka 1942, alieleza jinsi alivyokua akiwinda na kucheza na wavulana wa Kikalenjin. Elspeth Huxley, aliyezaliwa mwaka 1907, alichapisha The Flame Trees of Thika mwaka 1959 kuhusu utoto wake huko Thika, na The Mottled Lizard mwaka 1962, na Njoro ndiko mama yake, Nellie Grant, alikolima tangu miaka ya mwanzo ya 1920 hadi alipoondoka mwaka 1965.

Vitabu hivyo ni vya thamani, na si haki kuvitupa kwa sababu ya rangi ya waandishi wake. Vinaeleza mimea, hali ya hewa, chakula, magonjwa ya mifugo na tabia za watu kwa macho makali ya mtoto, na mtafiti wa Mau Narok atavihitaji. Upungufu wake ni kwamba Waafrika waliomo humo huonekana wakiwa upande wa pili wa meza. Rafiki wa utotoni wa Markham, ambaye kitabuni anaitwa Kibii akiwa mtoto na arap Ruta akiwa mtu mzima, ni mmoja wa wahusika wanaopendeza zaidi katika maandishi ya walowezi, lakini msomaji humjua kwa maneno ya rafiki yake tu. Mwaka 1959, ule uliotoa kitabu cha Huxley, ndio uliotoa pia Cider with Rosie cha Laurie Lee, kumbukumbu za utoto katika kijiji cha Slad, kaunti ya Gloucestershire. Lee alikuwa mtoto wa familia maskini, na England ilimsoma kwa furaha. Katika Kenya ya mwaka huo mtoto maskini wa shambani alikuwa bado akisubiri zamu yake.

Maisha ya mtoto huyo yalipangwa na sheria. Sheria ya mwaka 1918 kuhusu vibarua wakazi ilimtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka kwa mwenye shamba, na sheria ya mwaka 1937, iliyoanza kutumika mwaka 1940, ikazipa halmashauri za walowezi mamlaka ya kupunguza ekari na mifugo ya maskwota na kuongeza siku za kazi hadi 270. Familia nyingi za Wakikuyu zilikuwa zimepanda kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri kwa sababu ardhi ya kwao ilikuwa imechukuliwa au imejaa, na kwa sababu katika miaka ya mwanzo mlowezi aliyekuwa na ekari nyingi na fedha kidogo aliwaruhusu kufuga mbuzi na ng'ombe wengi. Walowezi walipopata nguvu, ruhusa hiyo iliondolewa. Katika miaka ya 1920 mifugo ya maskwota ilipunguzwa kwa nguvu shamba kwa shamba, na waliofagiliwa waliuita uondoaji huo kifagio. Kwa mtoto ambaye kazi yake ilikuwa kuchunga mbuzi wa baba yake, kifagio kilimaanisha kwamba siku moja zizi lilikuwa na mbuzi na siku iliyofuata hapakuwa na kitu, na kwamba yeye mwenyewe angepelekwa kuchunga kondoo wa bwana.

Baada ya pareto kuanza kulimwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, mikono midogo ya watoto ilipata kazi nyingine. Pareto ni mmea wenye maua meupe ambayo hukaushwa na kutolewa dawa ya kuua wadudu, hustawi kwenye baridi ya mwinuko mkubwa, na maua yake huchumwa kwa mkono moja moja, kila yanapofunguka, kwa miezi mingi ya mwaka. Wanawake na watoto ndio waliokuwa wachumaji wakuu, wakilipwa kwa uzito. Ngano ilihitaji walinzi wa kufukuza ndege, na kondoo walihitaji wachungaji. Mchana ulipita hivyo, na jioni familia ilirudi kwenye laini, yaani safu za vibanda vya wafanyakazi, kupika posho, unga wa mahindi uliogawiwa kama sehemu ya ujira. Shule zilikuwa chache, nyingine zikijengwa na maskwota wenyewe kwa michango yao, na uhai wake ulitegemea hiari ya mwenye shamba.

Maandishi mawili ya waliokulia katika hali hiyo yanafaa kutajwa kwa heshima kubwa. Josiah Mwangi Kariuki, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1975, alizaliwa mwaka 1929 huko Kabati-ini, upande wa Bahati wa Nakuru, wazazi wake wakiwa maskwota, na katika Mau Mau Detainee, kilichotoka mwaka 1963, alieleza utoto huo kabla ya kueleza kizuizi chake. Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, aliletwa kutoka Nyeri akiwa mtoto mdogo, mwaka 1943, kuishi kwenye shamba la mlowezi karibu na Nakuru ambako baba yake alikuwa dereva na fundi wa magari, na katika Unbowed, kitabu cha mwaka 2006, anakumbuka kwamba kazi shambani ziligawanywa kwa makabila: Wakikuyu shambani, Waluo kwenye nyumba ya bwana, Wakipsigis kwa ng'ombe na maziwa. Mwaka 1947 alirudishwa Nyeri pamoja na mama yake, kwa kuwa shule ilikuwa huko na shambani hapakuwa na shule ya kufaa. Mgawanyo huo wa kazi, unaoonekana kwa mtoto kama utaratibu wa kawaida wa dunia, unaeleza mengi kuhusu jinsi majirani wa Bonde la Ufa walivyofundishwa kuishi karibu bila kuchanganyika, na hakuna ripoti ya ofisa wa wilaya inayoweza kulionyesha jambo hilo kwa uwazi wa kumbukumbu ya msichana mdogo.

Kwenye Mau yenyewe, Olenguruone, serikali iliwahamishia mwaka 1941 familia za Wakikuyu zilizoondolewa kwingine, kisha ikawawekea masharti ya kilimo yaliyowafanya wapangaji badala ya wenye ardhi. Walikataa, wakala kiapo cha umoja ambacho wanawake na watoto nao walishirikishwa, na kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, nyumba zao zikiwa zimebomolewa. Wanahistoria, akiwemo Tabitha Kanogo katika Squatters and the Roots of Mau Mau cha mwaka 1987, wanaona Olenguruone kuwa mojawapo ya chimbuko la upinzani uliokuja kuitwa Mau Mau. Mwishoni mwa mwaka 1952 na mwaka 1953 makumi ya maelfu ya Wakikuyu waliondolewa mashambani mwa Bonde la Ufa na kupelekwa Mkoa wa Kati, na miongoni mwao walikuwamo watoto waliozaliwa mashambani humo, ambao hawakuwahi kuiona nchi waliyoambiwa kuwa ni ya kwao, na ambao kwa kupakiwa kwenye malori na mabehewa walipoteza shule, marafiki na mahali pa kuzaliwa kwa siku moja. Kizazi hicho kipo hai, kwa uchache, katika Mau Narok ya leo.

Agosti 12, 1963, Jomo Kenyatta alikutana na walowezi katika ukumbi wa mji wa Nakuru, akawaomba wabaki na kulima, na akasema yaliyopita yasamehewe. Nia ya kujenga taifa ilikuwa njema, lakini kusamehe kuligeuka kuwa kutoandika. Mashamba yaligawanywa kwa mpango wa ekari milioni moja na baadaye kununuliwa na vyama na kampuni za wanahisa, na vijiji vipya vilizaliwa: Ndeffo, kwa mfano, ni jina la muungano wa wapiganaji wa zamani wa uhuru wa Wilaya ya Nakuru walionunua ardhi pamoja. Vijiji hivyo vina umri wa miaka hamsini au sitini, waasisi wake wengi wanajulikana kwa majina, na daftari za hisa zao, zile zilizonusurika, zina thamani sawa na daftari za ubatizo za England. Wamaasai kwa upande wao hawakuacha kudai ardhi ya Mau Narok iliyowahi kuwa ya mlowezi Powys Cobb, ambayo katika madai yao inatajwa kuwa ekari 30,000, na serikali ilipotaka kuwakalisha hapo wakimbizi wa ndani wa machafuko ya uchaguzi ya 2007 na 2008 walipinga vikali mwaka 2010. Njoro na jirani zake Mauche na Nessuit zimeona mapigano zaidi ya mara moja tangu mwaka 1992, na kila upande umejitetea kwa historia ambayo upande wa pili haujawahi kuisoma.

Mtu aweza kusema kwamba kuandika kumbukumbu za aina hiyo ni kuchokonoa kidonda. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu kumbukumbu zisizoandikwa hazitoweki: huendelea kusimuliwa jikoni na kwenye mikutano ya siasa, zikiongezwa chumvi, bila mtu wa kuuliza tarehe wala shahidi. Masimulizi yaliyorekodiwa, yakiwekwa kando ya ramani, hati na masimulizi ya jirani, hulazimika kukubaliana na ukweli katika mambo mengi, na yale ambayo hayakubaliani yanajulikana kuwa hivyo. Tume ya Kitaifa ya Ardhi, iliyoundwa na Katiba ya mwaka 2010 na kuwekewa sheria yake mwaka 2012, ilipewa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi, na uchunguzi wa namna hiyo unahitaji ushahidi, ambao mwanakijiji wa kawaida hawezi kuuleta mezani ikiwa hakuna aliyewahi kuukusanya. Isitoshe, sehemu ya nyaraka za kikoloni ilibebwa kupelekwa Uingereza wakati wa uhuru na kuwapo kwake kulikubaliwa hadharani mwaka 2011 tu, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza, iliyomalizika kwa maafikiano Juni 2013. Taifa lililopoteza majalada yake linalazimika kuwategemea mashahidi wake walio hai.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu mwenye subira anayejua Kikuyu, Kimaasai, Kiogieki au Kipsigis, simu yenye kinasa sauti, na maswali ya aina aliyouliza Evans kwa wazee wa Blaxhall: mlivaa nini, mlikula nini, nyapara alikuwa nani, mlicheza mchezo gani, njia hii ilikuwa ikienda wapi, mti huu ulipandwa na nani. Maswali madogo hufungua milango ambayo swali kubwa la ardhi huifunga, kwa sababu mzee anayeogopa kusema nani alimnyang'anya shamba hana hofu ya kueleza jinsi alivyochuma pareto, na katika maelezo hayo shamba, mwenyewe, mwaka na majirani hujitokeza wenyewe. Inafaa wahojiwe watu wa jamii zote, wakiwemo wazee wa Kizungu waliokulia mashambani humo na walio tayari kusema, na nakala za mahojiano zibaki kijijini badala ya kwenda chuo kikuu peke yake.

Katiba ya mwaka 2010 iliziachia kaunti maktaba na makavazi. Kaunti ya Nakuru ina Chuo Kikuu cha Egerton ndani ya mipaka yake na makavazi ya Hyrax Hill kando ya mji wake mkuu, na shule zake za msingi hufundisha somo la jamii linalowataka wanafunzi kuijua kaunti yao. Wanafunzi hao wana babu na bibi nyumbani. Walimu wa Mau Narok, Mauche, Nessuit na Lare waombwe kuwapa kazi ya kuwahoji wazee hao muhula huu, na serikali ya kaunti iombwe kutenga chumba kimoja katika kila kata, kabati moja na mtunzaji mmoja wa kuyapokea yatakayoletwa.